Karanga Zilizocheza Ngoma Guniani

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na lango.
— Likawa limefungwa!
— Kafunga nani?
— Kafunga mwenye tumbo!

Haya, wajukuu zangu. Mwenye tumbo ni Kiboko, Mwalimu Mkuu wa sekondari ya ng'ambo ya mto. Madarasa yake matupu, wanalala popo. Watoto wa msituni wamefaulu, lakini wamekaa nje wanapigwa na jua. Kwa nini? Kiboko kasema, "Bila gunia la chakula, hakuna shule." Magunia eti ya shule, kumbe ghala ni tumboni mwake! Tena kaweka sheria: mwanafunzi akishaingia, hatoki mpaka likizo, asije akasimulia nyumbani nani anakula.

Mama Kindi, mjane, alikuwa na binti yake, Tunu. Tunu kafaulu kupita wote, mamake hana hata punje. Na siku hiyo ndiyo ya mwisho: jua likizama, nafasi inapotea.

"Mama, basi nishike jembe?"

"Nyamaza, mwanangu. Ingia guniani."

Akawanong'oneza majirani, Chura, Nungunungu na wengine, nao wakaleta magunia yao. Tapu, tapu, tapu, mpaka langoni.

Sasa, desturi ya kule ni hii: chakula kikifunguliwa mbele za watu, kila aliyepo ana haki ya tonge.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," akasema Mama Kindi. "Nifungue uone?"

Kiboko akautazama umati wenye njaa uliojaa langoni. "Marahaba. A-a! Usifungue! Nitabeba mwenyewe."

Akabeba la Kindi. Cha-cha-cha!

"Mbona linacheza?"

"Karanga hizo, baba. Zimefurahi kukuona. Nifungue?"

"Usifungue!"

Akabeba la Chura. Kroo, kroo!

"Mbona linaguna?"

"Maharage hayo, baba. Yamenenepa mno. Nifungue?"

"Usifungue!"

Akabeba la Nungunungu. Chomo! Chomo!

"Uwii! Mbona linachoma?"

"Mananasi hayo, baba. Nifungue?"

"Nimesema usifungue!"

Akabeba, akahema, hfu, hfu, hata jua likagusa mlima. Akajifungia ghalani, akalamba midomo, akafungua. Pu! Tunu huyo. Pu! Mtoto wa Chura. Pu! Mtoto wa Nungunungu.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Tokeni! Kobe, watoe hawa!"

Kobe, mlinzi wa lango, akachomoza kichwa polepole. "Mzee, sheria ni yako: akishaingia, hatoki. Na hawa umewaingiza kwa mgongo wako mwenyewe."

Nje, vigelegele! Ndani, popo wakahama. Kiboko akarudia majani ya mtoni kama babu zake, akaanza na kufundisha, maana njaa humkumbusha mtu kazi yake.

Basi, wajukuu, tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba mzazi mwema hulipa mapema, hamdanganyi mwalimu, wala hamwiti mwanawe karanga. Lishikeni hilo.

Na lile gunia pale mlangoni asilitupe mtu. Mdogo wenu anamaliza la saba mwakani.

Ngano nimeitua hapo. Mwenye mgongo aibebe.