Sikudhani Juu ya Jiwe

Paukwa, mnaosikia!
— Pakawa!
Paukwa, msiosikia!
— Tu! Tu! Miguu chini.

Hapo zamani za kale, siku ya tatu baada ya mvua za vuli, watoto wa mbugani walipimwa. Walikuwa thelathini. Ishirini na tisa walipelekwa shule. Mmoja alipelekwa ng'ambo ya korongo.

Huyo mmoja ni Sikudhani, binti wa Swala. Alizaliwa hasikii. Radi ikipiga, hageuki.

Kipimo kilikuwa cha tangu mababu. Mtoto anapanda juu ya jiwe, anageuza mgongo. Mwalimu Kanga anamwita jina. Akiitika, anafundishwa kukimbia pamoja na wenzake. Asipoitika, anapelekwa ng'ambo kwa Kobe. Kwa Kobe hakufundishwi kitu. Mtoto anakaa, anakua, basi.

Kanga akaita, "Sikudhani." Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu. Kimya.

"Ng'ambo," akasema Nyumbu, mwenyekiti wa kamati.

"Mzee Nyumbu, mteremsheni kwanza," akasema Mama Swala. "Mwanangu anasikia kwa kwato. Mpimeni udongoni. Fisi akipita kule bondeni, huyu ndiye anayeniamsha."

"Kwa kwato?" akasema Ngiri. "Basi mimi nasikia kwa mkia."

Kamati ikacheka, kwa kwa kwa.

"Mama Sikudhani, tunakuonea huruma," akasema Kanga. "Lakini kipimo ni jiwe. Tukimteremsha huyu, kesho kila mzazi atataka wake ateremshwe."

"Mwenyewe mmemwuliza?"

"Tumwulize vipi, na hasikii?"

Kikao kikaisha. Sikudhani alikuwa bado juu ya jiwe, mgongo kwao, akingoja kuitwa.

Mwezi ukaandama, ukaisha. Asubuhi moja upepo ukavuma, vuuu, vuuu. Masikio yote yakajaa upepo.

Kule ng'ambo, Sikudhani akainua kichwa. Udongo ulikuwa unatetema chini ya kwato zake, tu-tu-tu, tu-tu-tu. Mbwa mwitu, tena wengi. Akamsukuma Kobe. Kobe akaingia gambani. Sikudhani akavuka korongo peke yake, akakimbia hadi shuleni, akakanyaga chini. Tu! Tu! Tu!

"Huyu si wa hapa," akasema Kanga. Akamwonyesha njia kwa bawa. "Rudi kwa Kobe, mwanangu. Unatukatiza somo."

Watoto wakamwigiza. Tu, tu, tu, huku wakicheka. Sikudhani hakurudi. Mbwa mwitu walipotokea, alikuwa bado anakanyaga.

Kanga akaruka juu ya mti.

Sasa wakubwa, na nyinyi wadogo, shikeni hili. Mtoto hapimwi kwa kile asichokuwa nacho. Ukimtenga kabla hujamjua, hujamlinda. Umejinyima mlinzi.

Kesho yake Kanga alisimama juu ya jiwe, akaita majina ishirini na tisa. Kumi na moja hawakuitika. Jina la Sikudhani halikuitwa, maana halikuwa kwenye orodha ya shule. Mama yake alisimama pembeni, udongoni, miguu minne imetulia, akisikiliza kwa kwato kama mwanawe bado anakanyaga.

Hapo ndipo ngano yangu ilipokomea.