Mstari wa Sikudhani

Sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma, weka hiyo simu, maana mwisho nitakuuliza swali na sitaki jibu la kubahatisha.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya mtaa, hapa Korogwe. Kwaya yetu haimpimi mtu sauti. Unakuja ulivyo, unaimba nyimbo za mataifa ambayo hata kwenye ramani hatuyajui. Shemhina haoni, lakini wimbo akiusikia mara moja ameushika. Tunu, fundi cherehani, ni kiziwi. Huufuata wimbo kwa kuweka kiganja kwenye koo la mwenzake. Kibwana muuza nyama, jamani, hajui kuimba. Hajui kabisa! Lakini haogopi.

Alikuwepo pia Sikudhani. Katika wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto alikuwa na mstari wake peke yake. Mwezi wa tatu akaugua, siku nne tu, tukamzika.

Kwetu mwanakwaya akifa, mstari wake hauimbwi. Tukifika pale tunanyamaza, kisha tunaendelea, mpaka mtu wa nyumbani kwake amtaje wa kuurithi. Mmoja tu. Asipotajwa, mstari unakufa naye. Na Sikudhani nyumbani alikuwa na mama yake, basi.

Mama Siku akajifungia ndani. Hodi haitikii, chakula anakirudisha. Shemhina akawa anakwenda kila alasiri na fimbo yake, anasimama uani, anaimba ule wimbo. Akifika kwenye mstari wa binti, ananyamaza. Siku ya kumi na moja mlango ukafunguliwa.

"Baba, utanitesa mpaka lini?"

"Mpaka uniambie niondoke, mama." Hakumwambia.

Mlango ulifunguliwa, lakini kula hakula. Ndipo Tunu akaingia. Hakutoa pole wala hakumhimiza kumshukuru Mungu. Aliushika mkono wa yule mama, akauweka kooni mwake mwenyewe, akauguna mstari wa Sikudhani kama alivyowahi kuushika kwa kiganja. Mama Siku akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akaomba uji.

Jumamosi moja akaja mazoezini, akakwama kizingitini. Alisema sauti yake imeharibika, atamwaibisha mtoto. Alikuwa ameshageuka arudi. Kibwana akamwita, "Mama, kaa hapa kwangu. Ukikosea nani atakusikia, na mimi nipo?" Akafungua koo, akaimba ovyo kuliko siku zote. Mama Siku akacheka. Wallahi alicheka! Akaingia, na tulipofika kwenye mstari wa mwanawe, akauimba mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Tulilia wote.

Baadaye akanishika mkono. "Mwalimu, mstari nampa yule aliyenitoa kule ndani. Ni..."

Nikamkatiza. Mimi, na mdomo wangu huu! "Ngoja Jumamosi ijayo, mama. Tupike chai na maandazi, umtaje kwa heshima."

Alhamisi presha ikampanda. Hakufika hospitali akiwa hai.

Sasa wanagombana, na kila mmoja anamlilia. Shemhina anasema, "Bila mimi mlango usingefunguka." Tunu anajibu kwa ishara: mlango ulikuwa wazi na mtu bado anakufa njaa. Kibwana amejifunika uso kwa aproni yake. "Mlimfikisha kizingitini, naye akageuka. Nani alimrudisha? Najua nitauharibu wimbo. Lakini nani alimrudisha?"

Kuugawa hawataki, maana ulikuwa wa mtu mmoja. Wapo wanaoninong'oneza, "Mpe Shemhina, angalau utaimbwa vizuri." Lakini Mama Siku hakusema apewe mwenye sauti nzuri. Na jina alikuwa nalo mdomoni, nikalizuia kwa ajili ya maandazi.

Jumamosi ni kesho. Watanisubiri nitaje kwa niaba yake, la sivyo mstari unakufa.

Haya, wewe uliyenisikiliza: mstari wa Sikudhani ungempa nani?