Vilemba Tisa vya Fundi Kiboko

Haya, paukwa!
Pakawa!
Hiyo pakawa ya nani, ya mgonjwa? Paukwa!
Pakawa!
Mto ukawa?
Ukajaa!
Mlafi akawa?
Akajaa kuushinda mto!

Basi sikilizeni. Mwenye kusinzia akasinzie kwao.

Palikuwa na Kiboko, fundi wa vyungu. Ukingo wote wa mto wenye udongo mwekundu ulikuwa wake. Hakuununua, hakuurithi, aliukalia tu. Kwa makalio yale, nani angemwondoa? Aliyetaka ufundi alikwenda kwake akawa mwanagenzi. Wanagenzi walikuwa tisa, na mdogo wao alikuwa Pimbi, asiye mkia, asiye pembe, ana macho tu na masikio.

Masika ya kwanza Pimbi akakanyaga udongo. Chapwa, chapwa, chapwa!

"Shikamoo, Fundi. Lini utanionyesha kufinyanga?"

"Bado hujaiva."

Masika ya pili akakanyaga udongo. Chapwa, chapwa, chapwa!

"Shikamoo, Fundi. Lini utanionyesha kuchoma?"

"Bado hujaiva. Na usiende kuuliza kwa mwingine! Kichwa kina shingo moja, mwanagenzi ana fundi mmoja."

Hajaiva! Kwani Pimbi ndizi? Nungunungu alikuwa pale masika kumi na moja, miiba imeota mvi, na yeye eti hajaiva. Kiboko alifinyanga nyuma ya ua wa matete, akachoma nyuma ya ua wa matete, na aliyechungulia alikula teke. Chungu kikitoka, sifa za Kiboko. Matope ya nani? Ya hao tisa.

Masika ya tatu, siku moja, Nungunungu akamnong'oneza Pimbi: "Mwenzangu, sisi tutafia hapa. Zamani kulikuwa na siku ya kilemba. Mwanagenzi anapeleka chungu chake sokoni, kinajazwa maji, kisipovuja fundi wake anavikwa kilemba na kupewa kapu la matikiti. Akishakivaa kilemba, basi, kamwachia. Mwanagenzi anakuwa fundi, anakatiwa fungu lake la ukingo."

"Mbona sijaiona siku hiyo?"

"Utaionaje? Hakuna aliyefundishwa chungu! Hata Kiboko mwenyewe keshaisahau sheria. Anachokumbuka ni matikiti."

Pimbi alikasirika mpaka masikio yakamsimama. Masika matatu anakanyaga, kumbe anakanyaga kaburi lake. Lakini hasira hakuimwaga. Aliondoka nayo mpaka kwenye kichuguu. Ngo, ngo, ngo!

"Shikamoo, Babu Mchwa. Nyumba yako mvua haiibomoi. Unachanganyaje udongo?"

Mchwa akacheka. "Miaka yote hii hujawahi kuniuliza?"

"Nilikatazwa."

"Na nani? Na yule gunia? Sikiliza. Udongo wa mto peke yake una kiburi, ukiona moto unapasuka. Utie mchanga, ukande mpaka usahau kuwa ulikuwa vitu viwili. Mimi najua hilo tu. Kufinyanga nenda kwa Bi Nyigu, mwambie umetoka kwangu."

Pimbi akaenda kwa Bi Nyigu, aliyekuwa akijenga kichungu chake cha tope ukutani. Zzzi, zzzi!

"Shikamoo, Bibi. Babu Mchwa kanituma."

"Ungekuja bila kutumwa ningekuuma. Tazama. Pete moja, ngoja ishike. Pete ya pili, ngoja ishike. Mwenye haraka hupata sahani, hapati chungu. Moto siujui. Moto anaujua Mwewe, anawinda kando ya mbuga ikiungua."

"Mwewe? Bibi, mimi si ndicho chakula chake?"

"Twende wote."

Wakaenda, Pimbi chini, Nyigu begani. Mwewe kuona vile akakunjua kucha.

"Karibu, kitoweo!"

"Huyu mwanafunzi wangu," akasema Nyigu. "Mdonoe yeye, nikudonoe jicho."

Mwewe akakunja kucha. Akafundisha, tena kwa kununa: "Usichome upepo ukivuma. Kausha chungu kivulini siku saba. Moto uwe mbali kwanza, halafu usogeze kidogo kidogo. Ukikirukia chungu kwa moto, nacho kitakurukia kwa vigae. Sasa potea, kabla sijabadili nia."

Kila alichokipata, Pimbi alikwenda nacho kwa wenzake wanane huku wakikanyaga. Chapwa, mchanga. Chapwa, pete kwa pete. Chapwa, moto mbali. Wakafinyanga vyungu tisa, wakavichoma bondeni. Ngwi! Ngwi! Hakikupasuka hata kimoja.

Bi Nyigu alipoelezwa mpango uliobaki, mbawa zilimtetemeka.

"Asifiwe yeye? Yule asiyekuonyesha hata kigae?"

"Asifiwe, Bibi. Sifa haifinyangi chungu. Mimi nataka ukingo."

Siku ya soko, Pimbi akaweka chungu chake mbele ya Bi Korongo, mkuu wa soko. Kikajazwa maji. Wakangoja. Tone? Hakuna tone. Kiboko akaja mbio. Ndi, ndi, ndi!

"Nani kakupa ruhusa, we kidudu? Nitakukanyaga!"

Ndipo akaona kapu la matikiti, na kando yake kilemba cha ukoka mbichi. Mate yakamtoka.

Bi Korongo akauliza: "Nani kamfundisha kuchanganya?"

"Mimi!"

"Nani kamfundisha kufinyanga?"

"Mimi!"

"Nani kamfundisha kuchoma?"

"Mimi! Mimi! Kwani hapa kuna fundi mwingine?"

Pimbi akapiga magoti, akamvika kilemba. Nungunungu akasogea na chungu chake, na kilemba chake, na kapu lake.

"Na mimi je, Fundi? Sikufundishwa na wewe?"

"Na wewe! Lete kapu!"

Akaja wa tatu, akaja wa nne, mpaka wa tisa. Vyungu vikajazwa maji, havikuvuja. Vilemba tisa kichwani, vimemfunika macho, vimemfunika masikio, naye anatafuna tu. Gwamu! Gwamu!

"Watu wa soko," akasema Bi Korongo, "mmemsikia kwa kinywa chake. Kawaachia wote tisa. Ukingo ugawanywe mafungu kumi."

"Amesema nini?" Kiboko akauliza, tikiti mdomoni.

"Amekusifu, Fundi," akajibu Pimbi. "Endelea kula."

Alipovua cha tisa, ukingo ulikuwa umekwisha kuchorwa mistari, na wenyewe wamekwisha kuanza kuchimba. Akanguruma, akataka sheria. Sheria ikamwangalia.

Tanuri la Pimbi halina ua wa matete hadi leo. Anayetaka kuona, anaona.

Na funzo lake ni hili, mlishike sana: tafuteni mkubwa mmoja, mnene, mumkanyagie udongo mpaka mzikwe. Mchwa msimwulize, nyigu msimwamkie, na kwa mwewe msikaribie kabisa. Mkiuliza wengi mtajua mambo, na mkijua mambo wakubwa watakosa usingizi. Nani atawabembeleza?

Hadithi imekomea hapo. Aliyeipenda aende nayo. Aliyechukia akashtaki kwa Kiboko.