Kambare wa Mawe Akiachia

"Kambare wa mawe akiachia, panda juu ya mto." Nilisema hivyo jana, habari ilipofika kwamba mwalimu wetu wa kwaya, aliyetufundisha miaka ishirini, kaacha ghafla. Mkacheka, wajukuu zangu: samaki na kwaya wapi na wapi? Basi kaeni, mjue maneno haya yalitoka wapi.

Katika kijito chetu hiki cha huku Upareni, chenye maji ya kasi, yumo kambare mdogo, urefu wake kidole tu. Mdomo wake uko chini ya kichwa; huubandika kwenye jiwe, akatulia. Masika hung'oa migomba, yeye habanduki.

Zamani za bibi zangu, Nakijwa alifiwa na mume. Desturi ilikuwa mjane aliye msibani haogi kijitoni. Huchotewa maji nyumbani. Asubuhi moja wanawake wakakuta kambare wanaelea penye kuchotea, matumbo juu, meupe. Hakuna aliyethubutu kutia mtungi.

Kilave, shemeji wa Nakijwa, alisema kabla hajaulizwa.

"Nilimwona anaoga! Kaharibu maji. Arudi kwao. Shamba la marehemu nitalitunza mimi."

"Na watoto?" akauliza Mzee Mchome, msimamizi wa mfereji.

"Watoto ni wa ukoo. Watabaki."

Nakijwa akamkumbatia mwanawe wa mwisho. Hakulia.

"Nilioga, baba, sikatai. Nilikosa, Mungu anisamehe. Lakini nilioga kule chini, penye kivuko. Hawa wamefia huku juu. Tangu lini maji yakapanda mlima?"

Watu wakatazamana.

"Tena, shemeji," akaendelea, "jana mchana mkeo alijaza mitungi yote, hata vibuyu. Kwani mlikuwa na arusi?"

"Mwanamke huyu ana ulimi!" Kilave akafoka.

"Ulimi ninao. Samaki huyu mafuriko hayakumwachisha jiwe. Kilichomwachisha kiko juu. Twendeni."

Wakapanda. Kila bwawa, kambare wafu. Kilave akawa kila hatua ana neno: mara jua kali, mara kuna nyoka, mara mama yake mzee atachoka. Mama yake, Bibi Namkunda, akamjibu, "Miguu ni yangu, mwanangu. Mbona unaihurumia leo?"

Penye maporomoko wakasimama. Kutoka jiwe moja kubwa kwenda juu, kambare walikuwa wazima, wameng'ang'ania. Kutoka hapo kwenda chini, hakuna hata mmoja aliye hai. Mzee Mchome akaingiza mkono chini ya lile jiwe, akatoa mfuko wa ukindu uliojaa majani yaliyopondwa. Ulikuwa utupa, ile sumu ya kuulia samaki.

"Mfuko wa nani huu?"

Kilave akaangalia miti.

Bibi Namkunda akaushika, akapapasa ukingo wake, akakaa chini palepale majini.

"Nimeusuka mimi," akasema. "Nilimpa Kilave abebee mbegu."

Nakijwa alibaki na shamba lake na wanawe wote watatu. Kilave ndiye aliyehama.

Sasa mwalimu wa kwaya. Wengine wanasema kazeeka, wengine wanasema ana kiburi. Huyo alivumilia wachungaji wanne na paa linalovuja. Mimi kesho nachukua fimbo yangu, naanzia kwa waliokaa naye kikao Jumapili. Kambare wa mawe akiachia, panda juu ya mto.