Kioo Kikubwa cha Mzee Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kazi, tena imetangazwa!
Ya nani?
Ya atakayeifanya bure kwanza!

Hapo kale, si kale sana, Mzee Fisi alikuwa na kampuni ya habari iitwayo Kelele za Mwitu. Habari alikuwa nazo tele, lakini tovuti yake ilikuwa na sura mbaya, imekaa shaghalabaghala. Akatangaza kwamba anatafuta fundi wa kuipa sura mpya.

Akaja Kanga. Fisi akamwambia, "Tengeneza kwanza, tuone." Kanga akatengeneza, ta-ta-ta-ta, akazipanga picha. Fisi akalamba midomo. "Nenda nyumbani, tutakupigia." Simu kimya. Kazi ikabaki kwa Fisi.

Akaja Nungunungu. "Tengeneza kwanza, tuone." Akatengeneza, ta-ta-ta-ta, akatia rangi. "Nenda nyumbani, tutakupigia." Simu kimya. Kazi ikabaki kwa Fisi. Wako wanaosema Nungunungu ndiye aliyetangulia. Si kweli. Alitangulia Kanga.

Wa tatu alikuwa Pimbi. Yaliyowapata wenzake aliyajua. Akikataa jaribio, kazi hana, na mwitu mzima haukuwa na kazi nyingine ya ufundi wake. Akikubali, jasho lake litaliwa kama la wenzake. Akasimama mlangoni akifuta viganja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Pimbi. Mbona unatetemeka?"

"Baridi, Mzee."

"Baridi, na jua hili? Hu-hu-hii! Haya, tengeneza kwanza, tuone. Na ukinichezea, nitakutafuna."

Ukutani palikuwa na kioo cha kompyuta kikubwa kama mlango wa zizi. Pimbi akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, ukurasa utautazama wapi?"

"Hapo ukutani! Mkubwa hutazama kwenye kikubwa."

Pimbi akakaa kutwa nzima. Vidole ta-ta-ta-ta, moyo pu! pu! pu! Alipomaliza, uso wa Fisi ukakijaza kile kioo, meno na masharubu, na habari zimejipanga chini yake vizuri kabisa. Fisi akacheka hadi akakaa chini.

Katibu wake, Korongo, akatia mguu mkobani, akatoa simu. "Bosi, ngoja niutazame na kwenye simu."

Moyo wa Pimbi ukaanza tena. Pu! pu! pu!

"Simu ya nini?" Fisi akafoka. "Simu ni za wadogo. Nitazame hapa! Sipendezi?"

"Unapendeza, Bosi." Korongo akairudisha simu mkobani.

"Bi Pimbi, nenda nyumbani, tutakupigia."

Siku ya uzinduzi wanyama wakajaa uwanjani. Pimbi akajibanza nyuma ya Tembo, hajui akae au akimbie. Fisi akapanda jukwaani. "Fungueni simu zenu! Tazameni kazi ya mikono yangu!"

Wakafungua. Mmoja akacheka, kisha wawili, kisha uwanja mzima, kwa! kwa! kwa!

Korongo akamsogezea Fisi simu yake. Kwenye kioo kile kidogo Pimbi alikuwa ameupa ukurasa sura nyingine: hapakuwa na uso wala habari. Palikuwa na maneno haya: "Ukurasa huu umetengenezwa na Pimbi. Mzee Fisi bado hajamwajiri. Akimwajiri, mtasoma habari."

"Yuko wapi?" Fisi akanguruma. "Namtafuna leo!"

"Mtafune tu, Mzee," akasema Tembo polepole. "Halafu habari tutafunguliwa na nani? Na wewe?"

Uwanja ukaangua kicheko tena. Fisi akaitazama simu, akautazama umati. Meno yakarudi ndani.

"Bi Pimbi, mama yangu, kazi ni yako."

Pimbi akachungulia nyuma ya Tembo. "Kuanzia lini, Mzee?"

"Leo."

"Walio nyuma hawajasikia, Mzee."

"LEO!"

Pimbi akatoa simu yake, ta-ta-ta-ta. Habari zikafunguka mwitu mzima. Na habari ya kwanza kabisa ilisema: "Mzee Fisi, kwa hiari yake, amwajiri Pimbi."

Ngano yangu imefika kizingitini. Aliye ndani na aipokee. Funzo lake ni hili: ukiomba kazi, usiwe na hila. Fanya yote unayoambiwa, ondoka kimya kimya, na mwachie mwenye meno aamue. Ndivyo Pimbi alivyofanikiwa.