Bwana Harusi Aliyeshuka Mstari kwa Mstari

Hapo zamani, si zamani zile za fisi kuitwa shahidi, ni zamani hizi za juzi, mtandao ulipokuwa ukipita ndani ya waya wa simu kama mbuzi anayepitishwa kwenye tundu la ufunguo, aliishi Pongwe-Chini mwanamke aliyeitwa Mize. Mize alikuwa na kiduka cha kuchapa barua, kompyuta moja, na mchumba mmoja ambaye hajapata kumwona.

Mchumba huyo, Hemedi, alikuwa mwoka mikate Maskati. Walijuana kwa barua pepe, wakapendana kwa barua pepe, wakagombana na kupatana kwa barua pepe. Kilichobaki ni sura. Na baba yake mdogo Mize, Mzee Mbaruku, ambaye ndiye walii wake wa kumwoza, alishatamka mbele ya watu:

"Nikiiona sura ya huyo bwana kabla ya sala ya Ijumaa, naoza. Nisipoiona, Mize anaolewa na Mzee Feruzi, ambaye sura yake tunaijua sote, tena tumeshaizoea."

Mzee Feruzi ndiye mwenye nyumba. Alikaa ghorofani, juu ya kiduka, na kuku wake wengi na meno ya kuvua usiku. Mize hakutaka kuku, na meno ndiyo kabisa.

Hemedi akatuma picha.

Hapo ndipo ilipoingia kampuni ya mtandao, Mbiombio. Miji mingine ilishaikimbia zamani. Pongwe-Chini ikabaki nayo kama mtu aliyebaki na ndala za mgeni. Kwa Mbiombio picha haikufunguka, ilishuka. Ilianza juu, ikateremka mstari kwa mstari. Ikaja kofia. Mize akanywa chai, akarudi, ikaja tena kofia. Likaja paji la uso. Zikaja nyusi, Mungu wangu, nyusi hizo! Yakaja macho. Ikaja pua, na ghorofani Mzee Feruzi akainua simu kuulizia chakula cha kuku. Krak! Maana simu zilikuwa mbili lakini waya mmoja. Hemedi akakatika puani, na picha ikaanza upya kofiani.

Ikawa hivyo kila siku. Kofia, paji, nyusi, macho, pua, krak!

Mize akapeleka kipande hicho kwa baba yake mdogo. Mzee Mbaruku akavaa miwani, akavua.

"Hii ni pua," akasema. "Mimi simwozeshi binti wa marehemu kaka yangu kwa pua."

Mize akaipigia Mbiombio. Akapokea Bwana Tegemeo, ambaye ndiye meneja, ndiye fundi, ndiye huduma kwa wateja, na akibana pua ndiye pia sekretari wake mwenyewe.

"Mbiombio, kabla hujapepesa! Nikusaidie nini, dada?"

"Mtandao wenu unakatika."

"Sasa hivi umewaka au umezima?"

"Umezima, kaka, kwa sababu nimeuzima ili nikupigie wewe. Waya ni huohuo!"

"Basi uwashe, halafu uniambie unaonaje."

"Nikiuwasha nitakwambiaje?"

Akabana pua, akawa sekretari: "Hilo, dada, tuandikie barua pepe."

Ijumaa ikafika. Asubuhi hiyohiyo lori la majani ya ng'ombe likapita, likanasa waya wa simu, likaondoka na kipande chake. Mize akakaa kizingitini akalia kilio cha kweli, si cha kujipamba. Jirani yake Chande, muuza mishikaki, akatoka na kipepeo cha kupepelea mkaa mkononi.

"Dada Mize, unalilia waya? Waya si chuma tu? Mimi nina vyuma!"

Akapanda juu ya paa na mishikaki miwili, nyama zikiwemo, akaunga pengo kwa mikono yake. Kunguru wa mji mzima wakapashana habari. Chande akadonolewa begani, akadonolewa kisogoni, hakuachia.

"Wape habari zangu Maskati!" akapiga kelele.

Waya ukapata uhai. Lakini modemu, kile kidude kinachopiga simu kwa kulia kama paka aliyefungiwa ndani ya debe, kilikuwa kimechoka kulia wiki nzima. Kikakohoa. Kikanyamaza. Bi Pili, kungwi wa Mize, mwenye kigelegele cha kuamsha hata waliofunga madirisha, akashika kiuno.

"Kitu chenyewe ni kulia tu? Lete mkono wa simu hapa!"

Akavuta pumzi, akapiga kigelegele ndani ya simu. Mashine ya Mbiombio kule mjini ikasikia, ikaitikia, mtandao ukashika! Kofia ikashuka. Bi Pili alipotua kuvuta pumzi, kofia ikasimama. Alipopiga tena, likashuka paji. Basi akawa hana ruhusa ya kutua.

Na ghorofani? Mwenye hoteli alikuwa akingoja simu ya Mzee Feruzi kabla ya adhuhuri. Asipopigiwa, oda ya kuku inakwenda kwa mwingine. Mzee akaitazama simu. Mkono ukaenda wenyewe, akaurudisha. Ukaenda tena, akaukalia.

Macho yakapita. Pua ikapita! Ukaja mdomo, ndani ya mdomo tabasamu, ndani ya tabasamu mwanya. Mzee Mbaruku akainama mpaka miwani ikagusa kioo.

"Mwanya wa kuzaliwa huu, haukuchongwa. Naoza!"

Adhana ikalia, Bi Pili akaanguka kwenye kiti.

Siku ya harusi Hemedi akaja na joho jeusi la nyuzi za dhahabu, zawadi ya mshenga. Nanyi mwajua mshenga ni nani: ndiye aliyewaunganisha wawili, hukaa kuliani kwa bwana harusi, hufungua sinia, na siku wenyewe wakirushiana masufuria ndiye huitwa. Sasa mshenga yuko wapi?

"Ni mimi," akasema Chande. "Bila mimi hakuna waya. Nimeliwa na kunguru nikiwa hai!"

"Ni mimi," akasema Bi Pili, kwa mnong'ono, maana sauti haijamrudia. "Waya bila kilio ni kamba ya kuanikia nguo."

"Ni mimi," akasema Mzee Feruzi. "Nyinyi mlitoa jasho na mate. Mimi nimetoa kuku na mke."

"Mzee, ulifanya kwa wema?" akauliza Chande.

"Wema gani? Wiki nzima mji unazungumza pua tu. Na mimi binadamu, nilitaka kuuona mdomo! Lakini simu niliinua? Sikuinua."

Mlangoni akatokea mtu mwenye tai shingoni, hakualikwa. Bwana Tegemeo.

"Ni mimi," akasema. Watu wakamzomea. Akangoja wamalize, kazi aliyoizoea. "Dada Mize, sema kweli. Picha ingekuja yote kwa mara moja, ungeitazama mara ngapi? Mbiombio ilikupa paji ukalizoea, ikakupa nyusi ukazihifadhi. Mlipofika mdomoni ulikuwa umeshakwisha kupenda. Nani aliyekupendesha, kama si ubovu wetu?"

Mize akafungua kinywa amtukane. Akakumbuka zile nyusi. Akakifunga.

"Mwanangu," akasema Mzee Mbaruku, "pilau linapoa. Mvike mmoja."

Mize akasimama na joho mikononi. Mmoja ni jirani, mmoja ni kungwi anayezijua siri zake zote, mmoja ni mwenye nyumba, na mmoja ndiye mwenye mtandao.

Haya, wasikilizaji, msinitazame mimi, mimi si walii. Mabega ni manne, joho ni moja: ungekuwa Mize, ungemvika nani?