Jani la Mgomba Juu ya Sufuria

Soma hadi mwisho, kisha mtumie yeyote mwenye sufuria.

Bi Kemilembe wa Bukoba alisifika kwa ndizi laini. Siri yake ilijulikana na kijiji kizima, maana kijiji kizima kilipika hivyo hivyo: maji yakianza kuchemka, unazifunika ndizi kwa mfuko wa nailoni, juu yake unabana mfuniko, mvuke hautoki hata chembe.

Siku hiyo alipika kwa furaha. Mjukuu wake, Asimwe, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amefika kutoka mjini ili ajifungulie kwa bibi. Kitukuu wa kwanza kuzaliwa katika nyumba ile!

Asimwe alichungulia sufuria, akarudi nyuma.

"Bibi, hiki mimi sili."

"Kina nini?"

"Nailoni, Bibi. Haikutengenezwa kwa ajili ya moto. Ikipata joto, kemikali zake zinaweza kuingia kwenye chakula, nami nina mtoto tumboni. Kama ndivyo mnavyopika hapa, kesho narudi kwangu."

Bi Kemilembe akamnyooshea mwiko.

"Mama wee! Miaka ishirini tunakula hivi, umemzika nani?"

"Tumezika wengi, Bibi. Nani alituambia kila mmoja alikufa na nini?"

Bibi akanuna, akatafuta pa kumshikia. Akapaona: mkononi mwa Asimwe, saa nyeusi ya kuhesabu hatua, mkanda wa mpira, na pembeni mwa mkanda ngozi imetutumka vipele.

"Na hiyo je?"

"Inapima mapigo ya moyo. Siivui hata nikilala."

"Inapima moyo! Na huo upele uliopo chini yake, imekuambia?"

Asimwe akautazama mkono wake kama wa jirani. Kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Hapo umenishinda, Bibi." Akaivua.

Bi Kemilembe angeweza kushangilia. Lakini mwenzake ameacha lake, yeye je? Akazimwaga zile ndizi, akachukua kisu, akaenda mgombani kukata majani mawili. Akayababua juu ya moto yasije yakapasuka, vile mama yake alivyomfundisha. Mikono haikuwa imesahau. Akamenya ndizi nyingine, akazifunika, akakaa kwenye kigoda.

Harufu ikapanda taratibu, ikamrudisha utotoni. Lilikuwa jiko la mama yake lile, na ndugu sita wameizunguka sufuria wakisukumana, kila mmoja anadai la kwake ndilo tumbo lenye njaa zaidi. Sasa wamebaki wawili.

Walipokula, Asimwe alimaliza sahani akaomba nyingine. Bibi alikuwa bado kwenye tonge la kwanza, machozi yanamtiririka.

"Bibi, zimekuunguza?"

"Hapana, mwanangu. Miaka yote hii nilidhani ulimi wangu ndio umezeeka."

Funzo: Kitu kikikurahisishia kazi, kiulize kwanza kilitengenezwa kwa kazi gani, na ukimkosoa mwenye sufuria, tazama na mkononi mwako.